Kelele kwa Mbuyi, Kelele kwa Kabanga

Zilikuja katika katoni moja,
mashine mbili, kila moja ndogo kama pakiti ya chumvi,
nikazipa majina ya mapacha: Mbuyi, iliyotangulia kutoka,
na Kabanga.
Mbuyi ikaenda soko la Kenya, Kabanga ikabaki Katuba,
kila moja itunze daftari la likelemba yake,
kila moja ijitungie ufunguo wake wa siri.

Umeme ukakatika, kama desturi yake.
Uliporudi, saa nane usiku,
ziliamka zote mbili na kichwa kitupu,
hazina jana, hazina hata saa ukutani,
na mashine isiyo na jana ikiambiwa chagua
huchagua ilichofundishwa kiwandani.
Tarakimu sabini na saba,
zilezile, kwa mfuatano uleule,
kama mapacha wanaopiga chafya pamoja.

Hakuja mwizi. Afadhali angekuja mwizi.
Mama Numbi wa Katuba aligusa simu kutazama akiba yake
likamfungukia daftari la Ngoie wa soko la Kenya,
Ngoie muuza samaki wakavu wa Mweru,
Ngoie ambaye kicheko chake hufika hadi stesheni,
na mbele ya jina lake: sufuri.
Siku tatu Numbi hakusema. Ya nne alinijia karakana,
akailaza simu mezani kifudifudi.
"Fundi, nimeona nisichopaswa."

Nikasema basi, tutunge namba wenyewe.
Nikawauliza waliokuwepo: tajeni yoyote chini ya kumi.
Saba. Saba. Tatu. Saba.
Chola, mwanafunzi wangu, akafikiri sana, akasema saba.
Binadamu hajui kubahatisha: ana mama,
ana tarehe ya kuzaliwa, ana kanisa.

Nikafungua redio ya baba,
ile aliyoisikiliza akitoka tanuruni,
nikang'oa transista moja
nikailehemu kinyume, makusudi
(angekuwa hai angenichapa),
volti kumi na mbili zikisukuma mlango usiofunguka.
Na kule ndani, silikoni inapochoka kuvumilia,
elektroni moja hupenya, huigonga mwenzake,
nayo huigonga nyingine,
maporomoko madogo yasiyo na vumbi.
Lini? Hajui mtu. Hata elektroni haijui.

Nikaiunga na spika ili Numbi asikie:
shhhhh.
"Mafuta yanakaanga," akasema.
"Mvua juu ya bati," akasema Chola.
Mimi nilimsikia baba akizungusha kitufe harakaharaka
aipite kelele ile, afike kwenye habari.
Sikujua alikuwa akiruka mali.

Lakini kelele nayo si adilifu.
Inapenda moja kuliko sufuri,
na joto la Oktoba likipanda inazidi kupenda.
Nikaandika sheria ukutani kwa makaa, Chola asisahau:

Wakija wawili sawa, wote wawili watupe,
wakija wamechanganywa, wa kwanza ndiye ukope,
sarafu iliyopindwa, kamwe usiiogope,
upogo wake huliwa, haki ibaki mezani.

Zaidi ya robo tatu tunaitupa,
kama mawe ya kilima kile cheusi kando ya bomba la moshi:
mlima mzima wa makapi kwa shaba ya kushikika mkononi.

Sasa Mbuyi ina kelele yake, Kabanga ina yake.
Umeme ukikatika, ukarudi,
kila moja husikiliza kwanza, ndipo itunge.
Ukiniuliza ufunguo ni upi, mimi niliyezichomelea,
sijui.
Sijawahi kujivunia kutojua kitu kama hiki.

Daftari la Ngoie limefungwa.
Alichokiona Numbi hakina ufunguo wa kubadilishwa.

Mwezi uliopita, Jumanne, Ngoie alikuta kilo mbili za unga wa bukari
chini ya meza yake ya samaki.
Kisha Jumatano, kesho yake tu.
Kisha kimya siku kumi na moja.
Kisha Jumamosi, alfajiri, na kibaba cha maharage juu.
Ngoie anahesabu siku, anaotea, anavizia, anakosa.

Juzi Numbi alipita karakana,
akasubiri Chola atoke,
akauliza kwa sauti ya chini
kama naweza kumwazima tena, hadi mwisho wa mwezi,
kile kidude cha kelele.